Tata, Wanataka Kumfuta Ngisi Wako

“Lile dubwana la ukutani linawatisha watoto, halimsaidii chochote mtoto wa mkulima wa migomba, na kwa sura lile ni pepo. Tulipake chokaa kabla shule haijafunguliwa.”

Maneno hayo, Tata, baba yangu, yamesemwa kwenye kikao cha wazazi cha shule yako ya Rubafu, na aliyeyasema ni mwenyekiti wa kamati ya shule. Nimeyanukuu kama Mae, mama yangu, alivyonisomea kwenye simu. Aliyaandika nyuma ya bahasha ya sadaka, maana alijua kwamba hasira ingemsahaulisha. Na huyo mwenyekiti ni Projest. Ndiyo, Projest mwana wa mzee Ta Felisiani, yule niliyekaa naye dawati moja.

Nilimuuliza Mae, “Na wewe ulisema nini?”

“Nilisimama nikauliza kama na sahani yangu wataipaka chokaa.”

“Wakasemaje?”

“Wakacheka. Projest hakucheka.”

Kwa hiyo nakuandikia wewe uliyelala nyuma ya nyumba, kati ya mibuni na migomba uliyoipanda kwa mkono wako. Nakuandikia hadharani, kwa kuwa hukumu dhidi yako imetolewa hadharani na wewe huna mdomo wa kujibu. Wakati wa uhai wako ulikuwa ukiniambia nipunguze sauti. Leo sitapunguza.

Nianze na jambo ambalo nusu ya waliokaa kwenye kile kikao hawalijui, kwa sababu walikuwa hawajazaliwa au wamejifanya wamesahau. Wewe hukuchora ngisi kwa ajili ya mapambo, wala kwa sababu ulikuwa mwalimu wa sayansi mwenye chaki nyingi. Ulimchora kwa sababu ya Adventina.

Adventina alikuwa mdogo wake Mae wa mwisho. Alikuwa akinisuka nywele huku anasimulia uongo mtamu, na alicheka kwa kufunika pua badala ya mdomo. Siku ile alipanda mtumbwi wa Ta Felisiani kupeleka mikungu ya ndizi visiwani, kwa wavuvi. Mtumbwi ulikuwa umejaa. Bado kulikuwa na mikungu ufukweni, na mwenye mikungu hiyo alikuwa anasihi. Mzee mmoja akachukua punje za kahawa, zile za kutafuna, akazirusha majini kwa ajili ya Mugasha, bwana wa ziwa wa zamani, ambaye babu zetu walimpa chake kabla ya kuvuka. Kahawa ikapokelewa, maana haikurudi ufukweni. Kila mtu akaridhika. Na kwa kuwa mwenye ziwa alikuwa ameshapewa chake, mikungu iliyobaki nayo ikapakiwa.

Hilo ndilo kosa letu, Tata, kosa la watu wa pwani hii ya ziwa. Ulilirudia mpaka siku ya mwisho ya kufundisha kwako. Kurusha punje za kahawa si kosa. Punje nne hazimzamishi mtu. Kosa ni kuongeza mzigo kwa sababu wasiwasi umerushwa pamoja na kahawa.

Mtumbwi ulipinduka ukiwa bado unaonekana kutoka mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga. Adventina na wengine wawili hawakurudi. Ta Felisiani alitoka akiogelea, ameshikilia kasia. Msibani, pale kwetu, nilisikia maelezo yote ambayo watu wazima waliweza kuyapata. Kuna kitu kiliwavuta. Kuna mnyama mkubwa, ana mikono mingi, anakaa kwenye shimo kati yetu na visiwa. Mwingine aliapa kwamba aliona maji yakichemka. Mwingine akasema kahawa ilikuwa kidogo.

Wewe ulikuwa umekaa kwenye nyasi zilizotandikwa, unatazama miguu yako. Ulipochoka kusikiliza uliuliza, taratibu kabisa, “Mikungu ilikuwa mingapi?”

Watu waliendelea na mnyama wao.

“Nauliza mikungu ilikuwa mingapi.”

“Mwalimu, waitu,” mzee mmoja alisema, “leo si siku ya hesabu.”

Ulirudi kutazama miguu yako. Lakini nilikuona, na nilijua kwamba swali hilo hutaliacha.

Wiki ile ile shule ilipoendelea, wanafunzi walikuja na mnyama yule darasani. Kila mmoja alikuwa na wake. Wa huyu alikuwa na pembe, wa yule alikuwa na moto mdomoni. Watoto wa wavuvi walikataa kwenda ziwani kuchota maji. Wewe ulifungua kabati, ukatoa kitabu kilichokuwa kimetoka jalada, ukasema, “Mnataka mnyama mwenye mikono mingi? Yupo. Nitawaonyesha mkubwa kuliko wote. Halafu mtaniambia kama anaingia katika ziwa hili.”

Ulinipa mimi kamba. Nilikuwa darasa la tano. Ilikuwa kamba ya magamba ya mgomba, uliyoisokota mwenyewe, na kila mita ulifunga fundo. Tulianza kumpima ngisi nyumbani kwanza, kwenye kibanja, shamba letu la migomba. Ncha yake ya nyuma ilikuwa mlangoni kwetu. Kichwa kikaangukia penye mgomba wa tatu. Mikono minane ikaenda mpaka kwenye mibuni. Kisha ikabaki minyiri, ile mikono miwili mirefu anayoirusha kukamatia chakula, na yenyewe ikaendelea, ikaendelea, mimi narudi nyuma na kamba yangu mpaka nikasikia sauti ya Mae kutoka jikoni.

“Mwalimu, huyo mnyama wako anapita juu ya maharage yangu.”

“Anakaribia kuisha.”

“Anaisha wapi?”

“Kwa jirani.”

Ilikuwa mara ya kwanza Mae kucheka tangu mazishi. Projest, hilo hukulijua wewe, na hakulijua mtu yeyote kwenye kikao chako ila Mae mwenyewe. Ngisi yule unayemwita pepo ndiye aliyemrudishia mama yangu kicheko.

Kwa ajili ya jicho ulihitaji duara kamili. Ukachukua sahani kubwa ya bati ya Mae, ile nyeupe yenye ukingo wa buluu, ukaiweka kwenye ukuta wa shule uliopakwa chokaa mbichi, ukaizungushia mkaa. Ulituambia jicho la ngisi mkubwa ni kama sahani ile, na hakuna mtu wala tembo mwenye jicho la ukubwa huo. Kule anakoishi mwanga wa jua haufiki, kwa hiyo anakusanya kila chembe ya nuru inayotolewa na viumbe wengine, ili amwone adui yake nyangumi angali mbali. Projest aliuliza kama jicho lile linaroga. Ukamjibu, “Linatafuta njia gizani. Kama lako.” Sahani ilirudi nyumbani na chokaa ukingoni. Haikutoka kwa majivu wala kwa mchanga, na mpaka leo iko kabatini kwa Mae ikiwa na doa lake.

Ukuta wa darasa haukutosha. Fundi yeyote mwenye akili angempunguza mnyama. Wewe ulikata kona. Mwili ulibaki upande wa nyuma wa jengo, minyiri ikapinda na kutambaa ukuta wa pembeni, na ncha zake zikaishia chini ya dirisha la mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alitoka, akaangalia, akasema, “Mwalimu, kwa nini ananishika mimi?” Ukamwambia ukuta ndio mfupi, ngisi hana kosa.

Sasa niwajibu walioridhia. Mnasema anatisha watoto. Nendeni mkatazame watoto. Mtoto wa darasa la kwanza anayemwona ngisi siku ya kwanza, ni kweli, huenda akalia. Wiki ya pili utamkuta ameweka kiganja chake katikati ya jicho, kwa sababu wakubwa wamemwambia asiyeweka kiganja hajaandikishwa. Wiki ya tatu anahesabu vikombe vya kunatia kwenye mikono. Vizazi vyote vilivyopita pale vimejifunza kuzidisha kwa nane kwenye mikono ya ngisi. Hofu iliingia shuleni ikiwa na pembe na moto, na ilitoka ikiwa imehesabiwa. Mnataka kuirudisha ilikokuwa?

Mnasema haina faida kwa mtoto wa mkulima wa migomba. Hili ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu amelisema mtu aliyesoma. Ni nani aliyegawa maarifa kwa mashamba? Mtoto wa kibanja ajue mgomba, mtoto wa mwaloni ajue sato, na bahari wabaki nayo watu wengine? Tata, wewe uliwahi kuiona bahari mara moja tu maishani, ukarudi ukisema ina kelele. Lakini ulituleta ndani ya kina chake tukiwa tumekaa Rubafu, tunanuka moshi wa kuni. Ulituambia chakula cha ngisi kinapita katikati ya ubongo wake kikielekea tumboni, kwa hiyo ni lazima atafune vipande vidogo kwa ule mdomo wake wa kasuku. Ukatugeukia ukasema, “Nanyi je? Mnameza nini bila kutafuna?” Tulidhani ni swali la sayansi.

Ulituambia ana mioyo mitatu na damu ya buluu. Ulituambia habari za samaki mweusi wa kilindini, mwenye meno kama sindano na taa inayoning'inia mbele ya paji la uso, picha yake inakimbiza usingizi. Kisha ukatufunulia kwamba wengi wa jamii yake wangeenea kwenye sufuria ya Mae, na dume ni kidudu kinachojigandisha ubavuni mwa jike na kulishwa naye maisha yote. Wasichana tulicheka sana siku ile na wavulana hawakufurahi. Ulituambia kuna mwingine wa jamii za ngisi, mwekundu mzito, mwenye utando kati ya mikono kama joho, ambaye wataalamu walimpa jina la mnyonya damu kwa sura yake tu. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba hanyonyi damu ya yeyote. Anaokota makombo yanayodondoka kutoka juu. Kiumbe maskini, anaokota makombo, na jina la uuaji amebandikwa na watu wasiowahi kula naye.

Tena ulituletea senene, wale panzi wa kuliwa. Ulikuwa msimu wake, na ulikuja darasani na senene wa kukaanga ukatugawia. Tukala. Ndipo ukasema kwamba kuna watu wazima, wenye akili na heshima zao, ambao wakiwaona wale senene wangetoka mbio. “Miguu sita, macho yametoka, na mnatafuna vichwa,” ulisema. “Kule pwani wanamla ngisi mdogo kwa ugali, na ninyi mnajificha chini ya madawati. Dubwana ni nani, na anayeamua ni nani?” Mtoto wa mkulima wa migomba aliyejibu swali hilo amepata kitu ambacho shamba halitampa.

Na mnasema ni pepo. Mwinjilisti alilisema hilo kabla yenu, Tata, unakumbuka. Alisimama mbele ya ukuta amekunja mikono, akauliza, “Mwalimu, hiki ni nini?” Ukamjibu, “Kiumbe. Kiliumbwa siku moja na ndege.” Akasogea karibu, kisha akauliza kama ni kweli kina mioyo mitatu. Alikuja na mke wake Jumapili iliyofuata kumwonyesha. Mimi ni Mlutheri nisiyekosa ibada, na sitaki kufundishwa na mtu yeyote kwamba kazi ya Muumba ni pepo kwa sababu tu ina mikono zaidi ya miwili.

Haya yote Projest anayajua. Aliyasikia dawati moja na mimi. Ndiyo maana nilikaa siku tatu hapa Rwamishenye ninakoishi nikijiuliza, mtu huyu anapigana na nini? Na jibu lilipokuja halikunipendeza, kwa sababu mimi pia nimo.

Ulipomaliza kuchora, ulienda kwa Ta Felisiani. Hukwenda kumshtaki. Nilikufuata kwa sababu ulinipa kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikubebee. Alikuwa hajatoka nje tangu ajali. Mlikaa. Mke wake akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, akaweka kati yenu, nanyi mkatafuna, nami nikahesabu kuku wote wa uani.

“Mwalimu,” alisema mwishowe, “wanasema umenichora ukutani.”

“Nimechora ngisi, Ta Felisiani.”

“Wanasema maana yake ni mimi.”

“Maana yake ni kwamba huyu anaishi kwenye maji ya chumvi, chini sana. Ziwa letu hata pale penye kina kikubwa halifiki mita mia. Hawezi kuishi humu. Basi.”

“Basi,” alirudia. “Kama si yeye, ni nani?”

Ulichukua punje nyingine ya kahawa ukampa kwa mkono wako. Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, nimebishana na watu wengi, na sijawahi kushinda ubishi kwa namna uliyoshinda ule, kwa kumpa mtu punje ya kahawa na kumwachia swali lake.

Siku ya kufunga shule wazazi walikuja. Ta Felisiani alikuja amevaa koti. Mwalimu mkuu alipomaliza kusoma matokeo, yule mzee alitembea mpaka ukutani, akasimama karibu na jicho, akavua kofia. Sauti yake haikuwa kubwa. Alisema, “Hakuna mnyama. Nilipakia mimi. Kahawa ilirushwa, nami nikaongeza mikungu. Mtumbwi ulikuwa umeshazama ubavu mmoja kabla hatujang'oa nanga, na niliona.” Kisha akavaa kofia akaenda kumpa Mae mkono, na Mae, baada ya muda ambao ulituumiza sote, akaupokea.

Tangu siku hiyo mpaka alipozeeka, hakuna mtumbwi wa Ta Felisiani uliotoka mwaloni ukiwa umezidi. Aliweka alama ya rangi nyekundu ubavuni, na maji yakifika kwenye alama alishusha mzigo, mwenye mzigo alie asilie.

Hiyo ndiyo sehemu nzuri. Sehemu nyingine ni hii, na sijawahi kuiandika. Jumatatu ya muhula mpya nilimwita Projest “Mikungu.” Mimi ndiye niliyeanza. Adventina alikuwa wangu, nilikuwa na hasira na sikuwa na pa kuiweka, na mtoto wa Ta Felisiani alikuwa karibu, upande wangu wa kushoto. Darasa zima likadaka. “Mikungu, sogea, tutazama.” “Mikungu, usikae upande huo.” Ulipojua, Tata, hukunichapa. Ulisema, “Mwana wange, yule mzee amefanya kitu ambacho wewe hutakifanya maisha yako yote, na wewe umemtoza mtoto wake.” Ukatuamuru tutumie kitabu kimoja mwaka mzima, mimi nishike, yeye afunue kurasa. Tulimaliza mwaka bila kuzungumza. Jina halikufutika. Mae ananiambia kuna watu wa rika letu wanaolitumia mpaka leo, kwa utani, vilabuni.

Kwa hiyo naelewa, Projest. Unapopita pale huoni ngisi. Unaona kofia ya baba yako mkononi mwake, na unasikia sauti yangu. Hilo ni deni langu na si la ukuta. Nakuomba radhi hapa, mbele ya wote wanaosoma, kwa kuwa nilikutukana mbele ya wote. Lakini sikubali ulipe maumivu yako kwa macho ya watoto wa watu wengine.

Maana bado tunazama. Mwezi uliopita nilikuwa Muleba kwa shughuli zangu, nikateremka mpaka mwaloni kununua dagaa. Boti ya visiwani ilikuwa inapakia mkaa, ndizi, magodoro na watu. Niliuliza yako wapi majaketi ya kuokolea maisha. Kijana wa boti alinionyesha mawili, yamefungwa kwa kamba chini ya viti yasichafuke. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alirusha punje zake majini. Jirani yake akapiga ishara ya msalaba. Sina neno na mmoja wala mwingine, kila mtu na aombe anavyojua. Lakini nahodha alitazama zile punje, akatazama ule msalaba, akasema, “Haya, lete na yale magunia mawili.” Nilisimama kwenye mchanga ule nikahisi nina miaka kumi na mmoja.

Nilipiga kelele. Nadhani umeshakisia. Niliitwa mama mwenye gundu, nikaambiwa, “Wewe si husafiri? Basi tuachie ziwa letu.” Magunia yalishuka, lakini kwa sababu tu nilikaa juu yake. Ile boti ilifika. Siwezi kukaa juu ya magunia ya kila mwalo.

Tata, kuna jambo moja la furaha ninalotaka ulijue. Ulipokuwa unatufundisha, ulisema hakuna mtu aliyewahi kumpiga picha ngisi mkubwa akiwa hai kule chini. Tulimjua kwa mizoga iliyotupwa ufukweni, na kwa makovu ya mviringo aliyoyaacha kwenye ngozi za nyangumi. Ulisema, “Siku moja atapigwa picha, na mtaona kama nimekosea.” Amepigwa, Tata. Nimemtazama kwenye simu, nimekaa sebuleni na uji wangu ukapoa. Anatokea kwenye giza taratibu, mikono imekusanyika kama mkono wa mtu anayetaka kuuliza swali, kisha anaifungua. Umekosea rangi. Wewe ulimpaka mkaa na udongo mwekundu, na yeye anang'aa kama shaba iliyosuguliwa, kama fedha, anabadilika. Mengine yote ulipatia. Jicho ulipatia. Nilinyoosha mkono kuchukua simu nikupigie, na simu ilikuwa tayari mkononi mwangu, na wewe hukuwapo popote pa kupigiwa.

Wanasema mabaharia wa kale walimwona akielea, anakufa, wakarudi nyumbani kusimulia kwamba anavuta merikebu chini. Ni rahisi kumsingizia. Yuko mbali na hajui kusema. Watu wote wanaosafiri majini wamejitafutia mnyama wa kubeba lawama za mzigo wao, nasi tulimtafuta wetu kwenye ziwa lisilo na chumvi, ambamo hakuna ngisi hata mmoja. Wewe ulimwondolea lawama hiyo kiumbe usiyewahi kumwona, ukamrudishia mwenye nayo kwa upole, naye akaipokea. Yote hayo yako kwenye ukuta mmoja wa tofali za udongo. Nao wana ndoo ya chokaa.

Kwako Projest, mwenyekiti, na kwenu wajumbe wote wa kamati ya shule mliokubali kwa kunyoosha mikono: rudisheni ndoo stoo. Jumamosi hii nitakuja Rubafu na kamba yangu yenye mafundo, na Mae atakuja na sahani yake. Njooni na watoto wenu. Pakeni upya pale mvua ilipomla ngisi, na kama rangi ya shaba itapatikana, mrekebisheni. Kisha chini ya jicho, kwa herufi ambazo mtoto wa darasa la kwanza ataweza kuzisoma, andikeni maneno ya Ta Felisiani: Hakuna mnyama. Nilipakia mimi. Mwandike na jina lake, kwa heshima. Brashi aishike Projest. Mimi nitashika ndoo, na nitakaa kimya.

Lala, Tata. Nimepaza sauti kwa mara hii, na kwa lile jina nililomwita mwenzangu bado ninaona aibu mbele yako.

Ni mimi mwanao, niliyeshika ncha ya kamba.